Godauni la zamani karibu na reli Kisumu: ni la 1901 kweli?

JengoKongwe_Ksm

Salamu wakuu. Kuna godauni la zamani hapa Kisumu, kati ya reli na maduka ya katikati ya mji, na lina sehemu mbili. Ya mbele, inayotazama barabara, ina kuta za mawe meusi na paa la vigae vyekundu. Ya nyuma ni ndefu, karibu mita 38 kwa 13. Kuta zake ni matofali hadi usawa wa kifua kisha mabati, na nguzo za ndani ni vipande vya reli vilivyosimamishwa. Sakafu ya nyuma imeinuliwa. Ukisimama nje inakufika kiunoni. Upande wa reli kuna milango mitano mipana ya kusukuma.

Mwenye jengo anataka liwe soko la vyakula chini na ofisi ndogo juu. Tayari ameagiza kibao cha shaba: "Lilijengwa na Reli ya Uganda, 1901". Wazee wa mtaani wao wanasema lilikuwa la Alidina Visram, yule mfanyabiashara wa Kihindi wa enzi ya reli. Mkandarasi amependekeza ang'oe vigae aezeke mabati ya geji 30 (namba ya geji ikizidi, bati ni jembamba zaidi), apige plasta ya saruji kuta zote ndani na nje, kisha achomelee vikono kwenye nguzo za reli vibebe sakafu ya juu.

Mwaka wa jengo unathibitishwaje? Karatasi ziko wapi? Na katika mapendekezo ya mkandarasi, lipi likubaliwe na lipi likataliwe kabla kazi haijaanza?

MpimaWinam

Kibao kisubiri. Mwaka 1901 umebandikwa kwenye karibu kila jengo kuukuu la Kisumu, na chanzo chake kinajulikana: Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa njia. Ukitazama tarehe hiyo utaona mwaka ulibakiwa na siku 11 tu. Hakuna aliyejenga godauni la mawe kwa siku 11. Majengo ya mwanzo kabisa ya bandarini yalikuwa fremu na mabati, vitu vilivyoletwa kwa treni, vikafungwa kwa bolti na kuhamishika.

Swali zuri zaidi ni: mzigo gani ulihitaji godauni la ukubwa huo, na lini? Kisumu ndipo treni ilipokabidhi mzigo kwa meli. Meli ya William Mackinnon ilishushwa majini 1900, ikafuatwa na Winifred 1902 na Clement Hill 1907. Pamba ya Uganda ilipoongezeka, hasa baada ya reli ya Busoga kuunganisha Jinja na Namasagali mwaka 1912, marobota yalivuka ziwa hadi Kisumu na kungoja mabehewa. Robota la pamba la Uganda lilikuwa ratili 400, kilo 181 hivi, kwa hiyo sakafu za magodauni hayo zilijengwa kwa uzito mkubwa. Zaidi ya pamba kulikuwa na ngozi, simsim na mahindi ya Nyanza yenyewe. Juni 1915 bandari hii ilitumika kupakia wanajeshi waliokwenda kushambulia Bukoba.

Halafu mambo yakageuka. Njia kuu mpya ilitoka Nakuru ikapitia Eldoret (1924) na kufika Kampala 1931. Mzigo wa Uganda ukaacha kulazimika kupita Kisumu. Meli za Mwanza na Bukoba ziliendelea, lakini sababu ya mtu binafsi kujenga godauni kubwa la kungojea meli ilipungua sana. Kwa hiyo, bila kushika karatasi yoyote, mnatafuta jengo la kati ya 1902 na 1931 kama lilikuwa la mzigo wa kupita. Kama lilikuwa la nafaka za humu nchini, laweza kuwa la baadaye.

Kuhusu Alidina Visram: ni kweli alikuwa na maduka kufuata reli yote hadi Uganda, Kisumu ikiwemo. Lakini alifariki 1916. Vitu vya jengo vikionyesha miaka ya 1920, mtu huyo anaondoka kwenye orodha, au anabaki kama mwenye kiwanja tu na si mjenzi. Na milango kutazama reli haithibitishi kwamba jengo ni la Reli. Kampuni binafsi zilipewa njia za pembeni zilizoingia hadi mlangoni mwao.

FundiKenchi

Kabla ya kwenda masijala pandeni darini na tochi, futi kamba, kalipa (kifaa cha kupima unene) na brashi ya waya laini. Jengo la aina hii limeandikwa kila mahali, ila lazima ujue kila alama inasema nini. Karibu zote zinasema "si kabla ya". Chache sana zinasema "mwaka huu".

Anzeni na vigae. Vya Mangalore, yaani vilivyotoka India, vina mhuri upande wa chini. Vikisema BASEL MISSION, vilifinyangwa na viwanda vya misheni ile kabla Waingereza hawajavitwaa wakati wa Vita vya Kwanza. Baada ya vita viwanda hivyo vilikwenda kwa Commonwealth Trust, na mhuri ukabadilika kuwa COMMONWEALTH pamoja na jina la mahali, kama Feroke au Calicut. Huo ndio mpaka safi kuliko yote mtakayopata katika jengo hilo. Mkikuta ALBUQUERQUE haitawasaidia sana, kiwanda hicho kilianza karne ya 19 na kikaendelea miaka mingi. Geuzeni vigae visivyopungua 20, kutoka pembe tofauti za paa. Kigae kimoja chenye mhuri tofauti ni kiraka cha fundi wa baadaye.

Pimeni pia nafasi kati ya papi, yaani mbao za juu ya kenchi zinazoshika vigae au mabati. Papi za vigae hukaa karibu sm 32 kutoka moja hadi nyingine. Papi za mabati huachana kati ya sm 90 na 120. Kama sehemu ya nyuma yenye mabati ina matundu ya misumari kwenye kenchi kila sm 32, paa lake lilikuwa la vigae na likabadilishwa.

Mabati yenyewe: ya kale ni mazito, geji 24 kwa kawaida, na migongo yake imeachana inchi 3. Tafuteni muhuri wa rangi uliofifia upande wa chini, mahali pasipofikiwa na jua, kama ule wa kampuni ya Lysaght wenye neno ORB. Angalieni vilevile yameshikwaje. Bolti za ndoano zenye nati za mraba ni za zamani. Misumari ya kofia ya mwavuli ni ya karibuni zaidi.

Chuma: boriti na nguzo za kiwandani zina jina la mtengenezaji lililotokeza kwenye shavu, mfano DORMAN LONG. Vipande vya reli vina jina na mwaka vimetokeza kwenye shingo. Futeni rangi taratibu. Halafu pimeni urefu wa reli kutoka kichwa hadi kitako. Reli ya kwanza ya Uganda ilikuwa ya ratili 50 kwa yadi, urefu wake mm 100 hivi. Nzito zaidi zilikuja baadaye.

Maungio: ya ribiti (pini za chuma zilizopondwa kichwa) au bolti tupu ni ya kabla ya uchomeleaji kuzoeleka. Mkiona mshono wa kuchomelea kwenye kenchi ya chuma, aidha ni jengo la baada ya miaka ya 1940 au ni marekebisho.

Jambo la mwisho ni pale sehemu mbili zinapokutana. Simameni kwenye kona mtazame kama mawe yameingiliana na matofali kama meno. Kama kuna mstari ulionyooka kutoka msingi hadi juu, hayo ni majengo mawili yaliyogusana, na kila moja lina umri wake.

JengoKongwe_Ksm

Asanteni sana. Tumeangalia. Vigae vya mbele: 23 vimegeuzwa, 21 vina COMMONWEALTH na FEROKE, viwili havisomeki. Reli nne za nyuma zimesuguliwa. Mbili zinaonyesha 1898, urefu wa reli mm 99. Boriti iliyo juu ya mlango mkubwa ina DORMAN LONG. Kati ya sehemu mbili mstari umenyooka kabisa. Kitu kingine: matundu ya hewa ya chini yamezibwa kwa wavu mzito wa chuma, na milango ya mbao ina bamba la chuma chini, kama sm 30 kwenda juu. Mwenye jengo amefurahia 1898, anasema basi kibao kimechelewa hata.

FundiKenchi

Hapana, 1898 ni mwaka wa reli kutoka kiwandani, si wa nguzo kusimamishwa. Fikirieni: mwaka 1898 hadi 1901 kila kipande cha reli kilihitajika njiani. Reli huwa nguzo za nyumba zinapokuwa zimeng'olewa kwenye njia, baada ya nzito zaidi kutandikwa mahali pake. Kwa hiyo reli ya 1898 ndani ya godauni inaelekeza kwenye jengo la miaka mingi baadaye, na yeyote aliyekuwa na uwezo wa kununua chuma chakavu cha Reli angeweza kuzisimamisha.

Bamba na wavu ni vya panya. Tauni, ugonjwa unaoenezwa na panya, ilisumbua miji ya reli tangu mwanzo, na Sheria ya Afya ya Umma iliyoanza 1921, ambayo bado ipo kama Sura 242, ilitaka maghala ya vyakula vya biashara yajengwe kwa namna isiyoingilika na panya. Sakafu ya zege iliyoinuliwa, wavu kwenye matundu, bamba mlangoni: vyote vinakwenda pamoja. Chunguzeni kama bamba lilifungwa mlango ulipotengenezwa au liliongezwa. Toeni skrubu moja mtazame mbao iliyo chini yake. Ikiwa na rangi ya zamani na michubuko, bamba lilikuja baadaye na mlango huenda ni mkongwe kuliko sheria. Ikiwa safi, mlango na bamba ni wa siku moja.

Kwa sasa ningeandika hivi kwenye daftari: paa la mbele si la kabla ya Vita vya Kwanza, kuta za mbele hazijulikani bado, sehemu ya nyuma ni jengo tofauti lililohifadhi chakula wakati fulani. Paa laweza kuwa changa kuliko kuta zake, msisahau.

Karatasi_za_Nyanza

Sasa karatasi. Watu wengi huanzia mahali pasipofaa, wanakwenda kuuliza "historia ya jengo" na kurudi mikono mitupu. Hakuna faili la jengo. Kuna faili la kiwanja, faili la mlipaji kodi, na taarifa za wilaya.

Namba ya kiwanja kwanza. Hati ya sasa yaelekea imeandikwa Kisumu Municipality, kisha namba ya bloku na ya kiwanja. Fanyeni upekuzi rasmi, halafu ombeni kuona kadi ya kijani yenye miamala yote. Ukurasa wake wa kwanza utataja hati iliyotangulia chini ya sheria za zamani: namba ya L.R. (namba ya zamani ya ardhi), au namba ya kijalada na ya folio, yaani ukurasa, katika masijala ya Nairobi. Mlolongo huo ndio unaotakiwa, kurudi nyuma hadi hati ya kwanza ya kukodishiwa na Serikali. Hati hizo za mwanzo mara nyingi zina sharti la ujenzi, yaani mpangaji ajenge jengo la thamani fulani kwa vitu vya kudumu ndani ya muda fulani. Hiyo inawapa dirisha la miaka michache ambamo kuta zilisimama, kama sharti lilitimizwa.

Angalieni kodi ya kiwanja ilitajwa kwa fedha gani. Rupia ni ya kabla ya 1920. Florini ilikaa muda mfupi tu, kisha shilingi. Hata nakala isiyo na tarehe inayosomeka hujulikana hapo.

Ramani ya upimaji ina namba ya F/R, yaani namba yake ya kumbukumbu. Nakala zake zinanunuliwa Idara ya Upimaji, Ruaraka. Ramani ya kwanza ya kiwanja pengine inaonyesha jengo lililokuwapo siku ya kupima, na njia ya pembeni ya reli. Idara hiyohiyo ina picha za angani zilizopigwa baada ya Vita vya Pili. Kwenye picha hizo mtaona kama sehemu ya nyuma ilikuwapo, na kivuli chake kitawaambia urefu wa paa.

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, ina taarifa za mwaka za mkoa na wilaya. Ombeni mafaili yanayoanza na PC/NZA (mkoa wa Nyanza) na DC/KSM (wilaya ya Kisumu). Someni sehemu za biashara, afya na mji. Tauni, moto, minada ya viwanja na majengo yaliyobomolewa yanaandikwa humo. Kabla ya kusafiri ulizieni kituo cha kumbukumbu kilichoko Kisumu, baadhi ya mafaili ya mkoa yanabaki huko.

Jambo linalowapita wengi: hadi 1 Aprili 1902 Kisumu ilikuwa sehemu ya Uganda. Barua za kabla ya hapo ziko kwenye nyaraka za Uganda. Kwa upande wa London, barua za nchi hii hadi 1905 ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, na kuanzia 1905 ziko kwenye mfululizo CO 533 wa Wizara ya Makoloni.

Gazeti Rasmi la Serikali lililoanza 1899 limeskaniwa na linapekuliwa mtandaoni. Msitafute jina la jengo. Tafuteni namba ya kiwanja, jina la mwenye hati, notisi za mirathi, za kufilisika na za kuvunja ubia. Wafanyabiashara wa Kihindi walivunja na kuunda ubia mara kwa mara na ilibidi watangaze. Jaribuni tahajia zote: Alidina na Allidina, Port Florence na Kisumu, Nyanza na Kavirondo. Mashine iliyosoma kurasa zile hukosea herufi, kwa hiyo neno fupi hupata zaidi kuliko jina zima.

Na kabla hamjatumia shilingi moja kwa ukarabati: hati za mijini za enzi hizo zilitolewa kwa miaka 99. Iliyotolewa 1915 iliisha 2014. Mwenye jengo aonyeshe kwamba muda umeongezwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mpangaji wa mwisho aliye raia wa Kenya nafasi ya kwanza ya kupewa tena, lakini lazima aombe, haiji yenyewe. Pia hakikisheni sehemu ya nyuma haijaingia kwenye hifadhi ya reli, yaani ardhi ya Reli iliyo kando ya njia. Tangu njia ya Nakuru hadi Kisumu ifufuliwe na treni ya abiria irudi Desemba 2021, mipaka hiyo haichukuliwi mzaha.

MwashiWaKoru

Nijibu kuhusu mapendekezo ya mkandarasi, maana karatasi hazitazuia ukuta kuoza.

Plasta ya saruji kwenye kuta za mawe za kale: kataeni. Kwangua kiungo kimoja kwa kisu. Kikitoka unga mweupe wenye vipande vidogo vya chokaa, na kikitoa povu kikidondoshewa siki kali, ni chokaa. Ukuta wa chokaa hunyonya maji kutoka chini na kuyatoa kupitia viungo. Ukiufunika kwa saruji maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inaachia vipande vipande pamoja na uso wa tofali. Godauni lililowahi kuhifadhi ngozi lina chumvi zaidi, kwa sababu ngozi hutiwa chumvi. Mkiona unga mweupe ukutani, upigeni brashi kavu na kuutoa nje. Msiuoshe kwa maji, utarudi ndani.

Dawa ni kujaza viungo upya kwa chokaa. Chimbeni kiungo kwa tindo nyembamba na nyundo, kina kiwe mara mbili ya upana wake, kwa kawaida mm 20 hadi 25. Grainda isikaribie, inakata kingo za mawe. Lowesheni kiungo. Changanyeni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali wa mtoni uliooshwa. Pimeni mchanga kwenye chupa ya kioo: nusu mchanga, maji juu, tikiseni, acheni saa chache. Tabaka la tope likizidi takriban asilimia 8 ya mchanga, rudini mkaoshe tena. Chokaa ya unga ya Koru ilowekwe ndani ya pipa lenye kifuniko kwa siku nzima angalau. Wiki kadhaa ni bora zaidi, inalainika na kushika. Miwani na glavu ni lazima. Chokaa ikiingia jichoni unaosha kwa maji mengi hapo hapo huku unatafuta daktari.

Kosa la Kisumu ni jua. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevu. Ikikauka saa tatu baada ya kazi inabaki vumbi. Fanyeni upande wa kivuli asubuhi, tundikeni magunia yaliyoloweshwa, mnyunyizie kwa wiki moja.

Vigae: msing'oe kwa sababu tu baadhi vimepasuka. Mita moja ya mraba ya vigae vya Mangalore ina kilo 35 hadi 40. Mabati ni kilo chache tu. Kenchi za mbele zimekaa miaka yote zikishikiliwa ukutani na uzito huo. Mkiuondoa, dhoruba ya jioni inayotoka ziwani italiinua paa zima, isipokuwa kila mwisho wa kenchi umefungwa ukutani kwa bamba la chuma na bolti ndefu. Mkandarasi hakuweka hayo kwenye bei, nina hakika. Geji 30 nayo ni nyembamba mno kwa jengo la kibiashara lenye papi zilizoachana mita moja, fundi akikanyaga katikati linabonyea. Teremsheni vigae, vigongeni kimoja kimoja kwa fundo la kidole. Kinacholia vizuri kinarudi, chenye sauti butu kina ufa. Vizima vikusanywe upande unaoonekana barabarani. Mteremko wa paa hilohilo usioonekana barabarani uwekwe vya kununuliwa kwenye majengo yanayobomolewa, lakini pimeni kwanza, vigae vya viwanda tofauti havifungani.

FundiKenchi

Naunga mkono yote ila moja: kwa sehemu ya nyuma, mabati mazito geji 26 hayana ubaya, kwani mabati yalikuwapo.

Kuhusu kuchomelea nguzo za reli, hilo ndilo la hatari zaidi katika orodha yote. Chuma cha reli kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kikiwa baridi, kando ya mshono hugeuka kigumu na cha kuvunjika, ufa unaanza ndani usiouona. Kama lazima kitu kishikwe kwenye reli, tumieni vibano vya bolti. Lakini sakafu ya ofisi isibebwe na nguzo hizo kabisa. Ziliwekwa kubeba paa la mabati, reli ina upande dhaifu, na vitako vyake huliwa na kutu pale vinapozama kwenye zege. Vunjeni zege kidogo kuzunguka nguzo mbili tatu, gongeni, pimeni unene wa kitako kwa kalipa mlinganishe na sehemu ya juu. Sakafu mpya iwe na nguzo zake na misingi yake, isiguse ya zamani. Mhandisi achimbe shimo la majaribio kwanza, maana sehemu kubwa ya Kisumu ya chini ina udongo mweusi unaovimba masika na kunywea kiangazi.

Nyufa za ngazi kwenye matofali zisizibwe haraka. Pigilieni misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, pimeni umbali wake Februari na tena Mei. Ukibadilika, tatizo ni maji chini ya msingi, na mara nyingi tiba ni gata na mtaro unaopeleka maji mbali.

Rangi nyekundu iliyo chini kabisa kwenye chuma yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Isisuguliwe kavu wala kuchomwa.

MpimaWinam

Nyongeza kuhusu maji. Ziwa lilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Mei 2020 kipimo cha usawa wa ziwa kilichoko Jinja kilifika mita 13.42, sentimita moja juu ya kile cha 1964. Tafuteni mistari ya maji kwenye kuta za ndani za upande wa chini. Kama ipo, soketi za umeme na friji za soko zikae juu yake.

Kuhusu ulinzi: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kifungu cha 25, inamruhusu waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho, kutangaza jengo katika Gazeti Rasmi, na wanaopinga wana miezi miwili. Umri peke yake hautoshi. Jengo la karne ya 20 halilindwi mpaka litangazwe. Pelekeni kwa Makumbusho ya Kisumu michoro yenye vipimo, picha za mihuri zikiwa na rula kando, nakala za hati na maelezo ya kurasa mbili. Tangazo likitoka, mabadiliko yatahitaji idhini, hivyo mwenye jengo akubali kabla na si baada. Kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi kinahitajika vyovyote vile.

Kibao kiandikwe kile mlicho nacho, hata kama ni "paa la mbele ni la baada ya Vita vya Kwanza".

JengoKongwe_Ksm

Swali la mwisho. Ubavuni kuna kibanda kilichoezekwa shuka za kijivu zenye mawimbi, si chuma, zinavunjika kama biskuti. Mkandarasi anataka kuzipiga nyundo azitupe kwenye lori la kifusi.

MwashiWaKoru

Simamisheni. Zichukuliwe kuwa asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Ni taka hatari, na zinaondolewa na kusafirishwa na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hadi eneo lililoruhusiwa. Shuka zinaloweshwa maji yenye sabuni kidogo, bolti zinakatwa badala ya shuka kuvunjwa, zinateremshwa nzima na kufungwa kwa plastiki nzito tabaka mbili zenye maandishi ya tahadhari. Vumbi lililobaki lipanguswe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kifungwe pamoja nazo. Wasiohusika wakae mbali, na wauza chakula wa nje ya ukuta wahamishwe siku hiyo.

Kama hamna bajeti mwaka huu, ziacheni juu bila kuzigusa, pakeni rangi ya kufunika kwa brashi laini bila kukwangua, na msiruhusu mtu apande. Shuka nzima iliyotulia haina hatari kama iliyovunjwa.

Karatasi_za_Nyanza

Pigeni picha za bolti zake kabla hazijakatwa. Uzi wa Whitworth (wa vipimo vya inchi) au wa milimita utaonyesha kama kibanda kiliongezwa kabla au baada ya nchi kuhamia vipimo vya mita, na kibali chake huenda kimo kwenye mafaili ya manispaa pamoja na mchoro wa godauni zima.